Eathi na Ardhi: Historia ya Kitanzi cha Hitilafu na Lugha ya Kuwafundishia Wanagenzi wa Ufundi Umeme

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya dhana ya impedansi ya kitanzi cha hitilafu ya eathi, yaani jumla ya vizuizi vinavyoukabili mkondo wa umeme unapotoka katika transfoma, kupita mahali penye hitilafu na kurejea ulikotoka. Yanaonesha kwamba neno linalotafsiriwa kama ardhi limebeba maana tatu zilizofuatana katika historia ya umeme: mahali pa kumalizia radi, njia ya kurudishia mkondo wa simu ya maandishi, na sehemu ya kitanzi kinachokilazimisha kifaa cha ulinzi kukata umeme. Makala yanadai kuwa msamiati wa Kiswahili wa fani hii umeihifadhi zaidi maana ya kwanza, na kwamba hali hiyo humfanya mwanagenzi aione hesabu ya kitanzi kama zoezi lisilo na sababu. Pendekezo la msingi ni kuwa neno la mafundi, eathi, lisifutwe kwa kisingizio cha usanifishaji, bali litengewe dhana yake, na ardhi ibaki kuwa jina la udongo.

Istilahi muhimu: eathi, ardhi, kitanzi, impedansi, usanifishaji wa istilahi, ufundi umeme

1.0 Utangulizi

Mwanagenzi wa ufundi umeme akiulizwa mkondo huenda wapi pale waya wenye moto unapogusa bati la jokofu, jibu lililo jepesi mdomoni ni kwamba unakwenda ardhini. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ni la hatari. Mkondo hauendi ardhini ili ukae huko. Unarejea kwenye transfoma ulikotoka, na ardhi, ikiwa imo njiani, ni kipande kimoja tu cha njia hiyo. Njia nzima ikiwa nyepesi kupitika, mkondo mkubwa hupita, fyuzi huungua au swichi hujikata, na mwenye nyumba hubaki na kisa cha kusimulia. Njia ikiwa nzito, mkondo mdogo hupita, hakuna kinachokatika, na bati la jokofu hubaki na umeme likimngoja wa kuligusa.

Hesabu inayopambanua hali hizo mbili ndiyo hesabu ya impedansi ya kitanzi cha hitilafu. Kwa upande wa hisabati ni nyepesi: kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Ugumu wake uko katika picha ambayo mwanafunzi anakuja nayo kabla hajashika kalamu. Anayeamini kuwa ardhi huunywa umeme kama mchanga unavyokunywa maji hana sababu ya kuuliza njia ya kurudi ina uzito gani, kwa kuwa kwake hakuna kurudi.

Suala hili limepata uzito mpya katika ukanda wetu. Rwanda iliitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua ya namna hiyo mwezi Julai 2022. Kadiri Kiswahili kinavyovuka mipaka kama lugha ya mafunzo, ndivyo istilahi za ufundi zinavyohitaji kuchunguzwa upya, hasa zile ambazo kosa lake hulipwa kwa uhai wa mtu. Makala yanapitia kwanza historia ya maana tatu za ardhi katika elimu ya umeme, kisha yanaifuata hesabu yenyewe hatua kwa hatua, na mwisho yanarejea kwenye istilahi.

2.0 Ardhi kama Mwisho: Urithi wa Radi

Maana ya kwanza ya ardhi katika elimu ya umeme ilitokana na radi. Katika miaka ya 1750, Benjamin Franklin wa Philadelphia alieneza wazo la kusimamisha fimbo ya chuma iliyochongoka juu ya jengo na kuishusha kwa waya hadi kwenye udongo wenye unyevu. Kwa mwenye nyumba, mantiki ilikuwa wazi: umeme unatoka mawinguni, unapita kwenye chuma badala ya kupita kwenye mbao na watu, unaingia ardhini na habari yake inaishia hapo. Ardhi ilikuwa kaburi la radi. Kwa kazi ile, picha hiyo ilitosha, kwa sababu aliyejenga fimbo ile hakuwa na haja ya kujua wingu linapata wapi tena chaji yake.

Kiswahili kiliingia katika enzi ya nyaya kikiwa na picha hiyo hiyo ndani ya neno lake. Umeme, lenye uhusiano wa sauti na maana na kitenzi memeta, lilikuwa jina la mmweko wa mawinguni kabla halijawa jina la nguvu inayowasha taa. Radi, neno lenye asili ya Kiarabu, lilitaja ngurumo na pigo lake. Ulipokuja umeme wa mitambo, wasemaji waliuita kwa jina la ule wa mbinguni, kama walivyofanya majirani wa lugha nyingine. Nchini Kenya lilichipuka pia neno stima, lililotokana na jina la Kiingereza la mvuke, likatumika kwanza kwa meli za mvuke na baadaye kwa umeme wa nyumbani. Neno stima halina radi ndani yake, lakini ndilo lililobaki mtaani, ilhali umeme ndilo lililoingia vitabuni.

Msamiati uliofuata uliiongezea picha hiyo nguvu. Kwa umeme unaotembea kwenye waya lilichukuliwa neno mkondo, lililokuwa la mto na bahari. Kwa umeme unaotoka mahali pasipostahili lilichukuliwa neno kuvuja. Mto hauzunguki ukarudi kwenye chemchemi yake mbele ya macho ya mtazamaji, na maji yaliyovuja kwenye mtungi hunyonywa na sakafu ya udongo yakapotea. Hivyo maneno manne, umeme, mkondo, kuvuja na ardhi, kila moja likiwa tafsiri nzuri likisimama peke yake, yakikusanyika yanajenga hadithi moja: kitu kinachoshuka, kinachotiririka, kinachovuja na kinachomezwa. Hadithi hiyo haina kurudi.

3.0 Ardhi kama Njia: Urithi wa Simu ya Maandishi

Maana ya pili ilizaliwa mwaka 1838 nchini Ujerumani. Carl August von Steinheil, profesa wa Munich, alijaribu kuzitumia reli za njia ya Nuremberg hadi Fürth kama nyaya mbili za simu ya maandishi. Jaribio halikufaulu, kwa kuwa reli hazikutengana vya kutosha na udongo, na mkondo ukapita baina yake. Steinheil alilisoma kosa hilo kwa namna nyingine: ikiwa udongo unapitisha mkondo kiasi hiki, basi udongo wenyewe waweza kuwa waya wa pili. Tangu hapo simu ya maandishi ikahitaji waya mmoja tu wa kwendea, na ardhi ikawa ya kurudia. Gharama ya waya ikapungua.

Teknolojia hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1879 waya wa baharini uliounganisha Aden, Zanzibar, Msumbiji na Durban ulikamilika, na Zanzibar ikaingia katika mtandao wa habari wa dunia. Kiswahili kililipokea jambo hilo kwa neno simu, lenye asili ya Kiajemi na lenye maana ya waya. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba wasemaji waliita mawasiliano hayo kwa jina la kile kilichoonekana, yaani waya. Njia ya kurudi, iliyokuwa udongoni, haikuonekana na haikupata jina.

Hapa ndipo ulipo mtego wa pili kwa mwanafunzi, nao ni mtego wa vipimo. Ardhi ilifaa kuwa njia ya simu kwa sababu simu ilihitaji mkondo mdogo mno, wa sehemu za elfu za ampea. Mkondo mdogo haudhuriwi sana na ukinzani wa udongo. Ili fyuzi ya nyumbani iungue upesi, hata hivyo, huhitajika makumi au mamia ya ampea. Udongo ule ule uliokuwa barabara njema kwa simu huwa kichochoro kwa mkondo wa hitilafu. Anayejua kwamba ardhi hupitisha umeme anajua kweli. Bado hajaambiwa hupitisha kiasi gani.

Ilikuwa ndani ya ulimwengu wa simu ya maandishi pia ambamo jina la kizuizi hicho lilipatikana. Georg Simon Ohm alikuwa ameeleza mwaka 1827 uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani. Mkondo geu ulipoenea, ukinzani peke yake haukutosha kueleza yote yanayouzuia mkondo, na mwaka 1886 Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeanza maisha ya kazi kama mpokeaji wa simu za maandishi, akalitunga neno impedansi kutokana na shina la Kilatini lenye maana ya kunasa miguu. Mwaka 1893 Arthur Kennelly alionesha namna ya kulihesabu kwa namba changamano. Kwa mwanagenzi wa leo, jambo la faraja ni kwamba katika nyaya nyembamba za majumbani, za milimita mraba 16 kushuka chini, ukinzani ndio unaotawala, na hesabu yake inarudi kuwa ile ya Ohm.

4.0 Ardhi kama Sehemu ya Kitanzi: Kutoka Hofu ya Moto hadi Hofu ya Mshtuko

Kanuni za kwanza za uwekaji umeme majumbani nchini Uingereza zilitolewa mwaka 1882 na chama cha wahandisi wa simu za maandishi, kilichokuja kuwa chama cha wahandisi wa umeme. Jina lake lilitaja kuzuia hatari za moto zitokanazo na taa za umeme. Mshtuko wa mwili haukuwa katika jina hilo. Hofu ya wakati ule ilikuwa nyumba kuungua, na bima ndiyo iliyokuwa na sauti.

Hofu ya mwili ilikua kadiri mkondo geu wa volti kubwa ulivyosambaa mitaani. Transfoma ina nyaya za volti kubwa na za volti ndogo ndani ya chombo kimoja. Kizuizi baina yake kikiharibika, volti za maelfu huweza kuingia katika nyaya za taa za nyumba. Suluhisho lilikuwa kuufunga upande wa volti ndogo kwenye ardhi, ili usiweze kupanda mbali na kiwango cha udongo ambao watu wanausimamia. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1897, ilifanya jambo hilo kuwa la lazima mwaka 1913 kwa saketi za volti zisizozidi 150.

Uamuzi huo ulizaa kitanzi. Kabla ya transfoma kufungwa kwenye ardhi, waya wenye moto ulipogusa bati la chombo mkondo haukuwa na njia kamili ya kurudia. Baada ya kufungwa, kila bati, kila bomba na kila mguu uliosimama juu ya saruji yenye unyevu uliunganishwa na mwisho mmoja wa transfoma. Dawa ya hatari moja ilifungua mlango wa hatari nyingine. Kwa hiyo ikabidi mabati yote ya vyombo yaunganishwe kwa waya maalumu ambao ungeurudisha mkondo wa hitilafu kwa urahisi kuliko mwili wa mtu, na kwa wingi wa kutosha kuikata fyuzi. Waya huo ndio eathi.

Kwa miaka mingi mafundi wa Uingereza waliufunga waya huo kwenye mabomba ya chuma ya maji yaliyopita chini ya mitaa. Mabomba ya plastiki yalipoanza kuchukua nafasi ya chuma, vitanzi vilikatika bila fundi umeme yeyote kugusa kitu. Taa ziliendelea kuwaka na pasi ziliendelea kupata moto. Tofauti ingeonekana siku ya hitilafu pekee. Ndiyo sababu kanuni hazikutosheka na swali la kama eathi ipo. Zilidai kujua kitanzi kizima kina impedansi kiasi gani.

Toleo la 15 la kanuni za Uingereza, la mwaka 1981, lililofuata mpangilio wa Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme iliyoanzishwa mwaka 1906, liliweka muda kuwa kipimo kikuu. Saketi za soketi zilitakiwa kukatika ndani ya sekunde 0.4, na zile za vyombo vilivyofungwa mahali pamoja ndani ya sekunde 5. Sekunde 0.4 inahusu moyo wa binadamu: kadiri mkondo unavyopita mwilini kwa muda mrefu, ndivyo uwezekano wa moyo kupoteza mpigo wake unavyoongezeka. Kanuni hizo, ambazo tangu mwaka 1992 zinabeba namba BS 7671, zimekuwa rejea ya muda mrefu katika mafunzo ya mafundi wa nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, Afrika Mashariki ikiwamo.

5.0 Hesabu Yenyewe

Historia hiyo ikieleweka, fomula huacha kuwa fumbo. Impedansi ya kitanzi chote huandikwa Zs, nayo ni jumla ya sehemu mbili: Ze, ambayo ni ya nje ya nyumba, yaani transfoma, waya wa kuja na njia ya kurudi, na R1 + R2, ambayo ni ya ndani, yaani waya wa moto kutoka kwenye bodi ya usambazaji hadi kwenye soketi, na waya wa eathi kutoka kwenye soketi kurudi kwenye bodi. Fomula ni Zs = Ze + (R1 + R2). Alama ya kujumlisha imo kwa sababu vipande hivyo vimefuatana katika mzunguko mmoja. Anayeikariri fomula bila kuuona mzunguko hawezi kueleza kwa nini impedansi ya transfoma iliyo mtaa wa pili inaingia katika hesabu ya soketi ya jikoni.

Mfano ufuatao waweza kutumika darasani. Soketi iko mita 30 kutoka kwenye bodi. Waya wa moto ni wa shaba wa milimita mraba 2.5 na wa eathi ni wa milimita mraba 1.5. Kwenye nyuzijoto 20, kila mita ya waya wa kwanza ina ukinzani wa miliomu 7.41, na ya waya wa pili miliomu 12.10. Jumla ni miliomu 19.51 kwa mita. Kwa mita 30 hupatikana miliomu 585, sawa na omu 0.585.

Hatua ya pili ni joto. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Waya unaofanya kazi kwenye nyuzijoto 70 umepanda nyuzi 50 juu ya kipimo cha jedwali, hivyo ukinzani wake umeongezeka kwa asilimia 20. Omu 0.585 ikizidishwa kwa 1.2 inakuwa omu 0.702. Hitilafu huweza kutokea wakati waya una moto, na hesabu lazima iusubiri waya katika hali hiyo.

Hatua ya tatu ni kujumlisha. Katika mifumo ambayo njia ya kurudi ni gamba la chuma la kebo ya shirika la umeme, mwongozo wa Uingereza huchukua omu 0.8 kuwa kiwango cha juu cha Ze. Hivyo Zs ni 0.8 + 0.702, yaani takriban omu 1.50.

Hatua ya nne ni kuuliza kama kiasi hicho kinatosha. Saketi inalindwa na swichi inayojikata, ambayo mafundi huiita sakiti breka, ya ampea 20. Ikiwa ni ya aina B, hukata papo hapo mkondo ukifika mara 5 ya kiwango chake, yaani ampea 100. Kwa volti 230, baada ya kuruhusu volti kupungua kwa asilimia 5 hadi 218.5, impedansi ya juu inayokubalika ni 218.5 gawanya kwa 100, yaani takriban omu 2.19. Omu 1.50 iko chini ya hapo. Mkondo wa hitilafu utakuwa takriban ampea 145, na swichi itakata.

Sasa ichukuliwe kwamba swichi hiyo imeharibika na imebadilishwa kwa nyingine ya ampea 20, ila ya aina C. Kwa macho hutofautiana kwa herufi moja. Aina C huhakikishiwa kukata papo hapo kwenye mara 10 ya kiwango chake, yaani ampea 200, na impedansi ya juu inayokubalika hushuka hadi omu 1.09. Kitanzi cha omu 1.50 hakifai tena. Ampea 145 huenda zikaiacha swichi ingojee sehemu yake ya joto, kwa sekunde kadhaa badala ya 0.4. Soketi itafanya kazi vizuri kila siku, na hakuna atakayejua hadi siku ile. Herufi moja imeliondoa jengo katika usalama, na hesabu ya mistari minne ndiyo iliyoweza kuonesha hilo.

Mfano wa mwisho ndio unaoivunja picha ya ardhi inayomeza umeme. Nyumba haina waya wa kurudi kutoka shirika la umeme. Fundi amepigilia fimbo ya shaba uani na kuifunga kwenye eathi ya nyumba. Fimbo ina ukinzani wa omu 20 na udongo, na ile ya transfoma ina omu 3. Vipande vingine ni vidogo na vyaweza kuachwa. Kitanzi ni omu 23, na mkondo wa hitilafu ni 230 gawanya kwa 23, yaani ampea 10. Swichi ya ampea 20 haitakata kamwe. Kwake huo ni mzigo wa kawaida. Wakati huo huo, ampea 10 zikipita katika omu 20 za fimbo, zinaliacha bati la jokofu na volti 200 juu ya kiwango cha udongo wa mbali. Eathi ipo, fimbo ipo, umeme umekwenda ardhini kama ilivyotarajiwa, na chombo kinaua.

Kwa nyumba ya namna hiyo kinga ni kifaa kinacholinganisha mkondo unaotoka na unaorudi kwenye nyaya za saketi, na kukata tofauti ikifika miliampea 30. Kifaa hicho hakihitaji mkondo mkubwa. Kwa kikomo cha volti 50 kwenye bati, kitanzi chaweza kufika hadi omu 1667, kwa kuwa 50 gawanya kwa 0.03 ni kiasi hicho. Inafaa kuzingatiwa kwamba hata kifaa hiki kimejengwa juu ya wazo la kurudi: kinagundua hitilafu kwa kuona kwamba kilichotoka hakikurudi kwa njia yake.

6.0 Istilahi: Dhana Moja, Jina Moja

Nadharia ya istilahi ina deni kwa ufundi umeme. Mwasisi wake, Eugen Wüster, alikuwa mhandisi wa Austria, na kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu usanifishaji wa lugha ya ufundi kililenga hasa umeme. Mwaka 1938 Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme ilitoa msamiati wake wa kimataifa. Kanuni iliyozaliwa katika kazi za namna hiyo inajulikana vyema na wanaistilahi wa Kiswahili: dhana moja ipewe istilahi moja, na istilahi moja itaje dhana moja.

Lugha zilizoileta fani hii kwetu hazikuifuata kanuni hiyo katika neno hili. Kiingereza hutumia neno moja kwa udongo na kwa waya wa usalama. Kifaransa hufanya vivyo hivyo kwa neno terre. Tume ya kimataifa ilipoainisha mifumo kwa herufi, T ilitokana na neno hilo la Kifaransa, N na lile la nyutro. Katika mfumo wa TT, transfoma imefungwa ardhini na mabati ya nyumba nayo yamefungwa ardhini, kila upande kwa fimbo yake. Huu ndio mfano wa omu 23. Katika mifumo ya TN, mabati hurudi kwenye nyutro ya transfoma kwa waya wa chuma, na udongo hauhitajiki kubeba mkondo wa hitilafu. Huu ndio mfano wa omu 1.50. Usambazaji wa umma wa Ufaransa umejengwa juu ya TT, na ule wa Uingereza zaidi juu ya TN. Ukanda wa Kiswahili, unaoanzia pwani iliyotawaliwa na Waingereza hadi Kongo, Burundi na Rwanda zilizopitia mikononi mwa Wabelgiji, umerithi vitabu vya mapokeo yote mawili. Fundi aliyefunzwa Kampala na mwenzake aliyefunzwa Bukavu wanaweza kusema ardhi na kuwa na michoro miwili tofauti akilini.

Kiswahili cha mafundi kina dawa ambayo lugha hizo hazina. Fundi hasemi amefunga waya wa ardhi. Husema amefunga eathi. Anapozungumzia udongo, husema udongo au ardhi. Kwa bahati ya ukopaji, dhana mbili zimepata majina mawili. Kazi ya kusanifu istilahi, iliyoanza rasmi na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 na kuendelezwa na BAKITA tangu 1967, imekuwa na mwelekeo unaoeleweka wa kupendelea maneno ya asili au yaliyokwisha kuzoeleka. Katika jambo hili, kulibadilisha eathi kuwa ardhi kungekuwa kurudisha utata ambao wasemaji wamekwisha kuutatua. Sentensi kama "eathi ya nyumba hii hairudi kwa ardhi" ni sahihi kiufundi na inaeleweka mara moja. Ikitumia ardhi mahali pote pawili, inakuwa upuuzi.

Neno kitanzi nalo linastahili kutetewa. Baadhi watalikwepa kwa sababu linakumbusha kifo. Lakini kitanzi ni kamba iliyofungwa ikarudi kwenye mwanzo wake. Uwazi ukibaki popote, si kitanzi tena. Mzunguko unaweza kufikiriwa kama mwendo tu, ilhali kitanzi kinataja kitu chenyewe, chenye vipande vinavyohesabika. Kwa hiyo impedansi ya kitanzi cha eathi ni istilahi inayomwonesha mwanafunzi nini cha kujumlisha.

Lipo pia neno shoti. Mtaani hutaja nyaya mbili kugusana, na pia hutaja mtu kupigwa na umeme. Kwa mwanagenzi, mambo hayo mawili yanakaribia kuwa kinyume: katika la kwanza mkondo ni mkubwa na kifaa hukata, katika la pili mkondo ni mdogo, unapita mwilini, na kifaa huweza kukaa kimya. Inafaa shoti ibaki kwa nyaya, na mshtuko utengewe mwili.

7.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaonesha kwamba wahandisi wenyewe hawakuanza na kitanzi. Walianza na radi inayoishia udongoni, wakapita kwenye simu iliyorudi kwa udongo, na ikachukua muda mrefu kabla ya swali la impedansi ya njia nzima kuwekwa katikati ya kanuni za usalama. Mwanagenzi anayesema umeme huenda ardhini yuko mahali ambapo fani yenyewe iliwahi kuwapo, na lugha anayofundishiwa inamshikilia hapo.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, eathi isanifishwe kama jina la waya na mfumo wa kurudishia mkondo wa hitilafu, na ardhi ibaki kuwa udongo. Pili, vitabu vya mafunzo vianze kwa mchoro wa kitanzi chenye transfoma ndani yake, kabla ya fomula yoyote. Tatu, mfano wa fimbo ya omu 20 ufundishwe mapema, kwa kuwa ndio unaoonesha kwa tarakimu kwamba kuwapo kwa eathi na kuwapo kwa usalama ni mambo mawili. Mwanafunzi aliyekwisha kuhesabu volti 200 juu ya bati la jokofu lililofungwa eathi atatembea na kipimo chake siku nyingine, na atauliza swali ambalo neno ardhi halikumfundisha kuuliza: mkondo huu unarudi kwa njia gani?